Baada ya "Lakini"

Alhamisi, saa tatu na robo usiku.
Umeme wa Tabata umeondoka bila kuaga,
simu yangu ina asilimia kumi na nne
na kundi letu la kitabu lina watu tisa.
Tisa tu. Kwenye harusi
meza moja ingetutosha.

Saba nawajua kwa sauti.
Wa nane ni mimi.
Wa tisa ni wewe.

Kitabu chenyewe ni kimoja,
nilikinunua Posta, kando ya barabara, elfu tatu,
jalada limeshikwa na gundi ya viatu.
Kinazunguka mji, na aliye nacho anatusomea.
Bwana Ngonyani alisoma chini ya taa ya geti, Mikocheni,
akifunua kurasa polepole bosi asisikie.
Mwantumu alisoma Mbagala, chapati zikiwa jikoni;
alama ya mafuta ukurasa wa arobaini ni yake, wala hakanushi.
Nesi Eliwaza alikatiza katikati ya sentensi:
"Subirini, kuna mtu anajifungua,"
tukasubiri mpaka alfajiri, akarudi na habari:
wa kike, kilo tatu, tuendelee.
Kidawa na Hamduni wako chumba kimoja
lakini wanabishana kwa simu, ili tuwe mashahidi.
Na Fundi Chogo wa majokofu
zamu yake ilichukua miezi miwili.
Hakuna aliyemharakisha.

Sasa, karatasi moja haimo.
Ukurasa wa mia na kumi unaishia hivi:
*Mama akafungua mlango, lakini*
na unaofuata ni wa mia na kumi na tatu:
*wakacheka mpaka mbwa akaamka.*

Kuna nini hapo katikati?
Ngonyani anasema nje hapakuwa na mtu;
ni mlinzi, milango anaijua.
Mwantumu anasema ni mume, karudi na madeni.
Eliwaza anasema mtoto, kafungwa kwenye khanga.
Kidawa: mdai. Hamduni: jirani, kaja kuomba chumvi.
Pendael, anayesoma chuo, alizungumza dakika sita
na sikuelewa hata moja, ila ilikuwa nzuri.
Fundi Chogo akakohoa, akauliza:
"Nani kasema ulikuwa mlango wa nje?"
Usiku ule hatukulala.

Wewe hukusema kitu.

Najua unasikiliza.
Alama zako mbili za buluu hutangulia za wote.
Na Jumanne ile nilikuona:
*anaandika*, ukafuta, *anaandika*, ukafuta,
mimi nimeinamia simu, wali unaungua.
Ulitaka kusema nini?
Wali tuliula hivyo hivyo. Jibu bado nalidai.

Usiniambie hukusoma.
Mimi niliishia darasa la saba, Buguruni;
neno "taswira" nimelipata humu humu
na ninalitumia vibaya, kwa kujiamini kabisa.
Usiniambie huna la maana.
Hamduni amewahi kuchangia kicheko tu,
na kicheko kile kilitufumbua macho
kwamba sura ya tano ilikuwa ya kuchekesha,
sisi tulikuwa tunaisoma kama msiba.

Kimya kingi kina mshindo, walisema.
Haya, tupe huo mshindo.
Hata mdogo. Hata "sijaipenda".
Hata "yule mama ananikumbusha mtu".

Jumamosi kitabu kinakuja kwako, Gongo la Mboto.
Kulwa, mdogo wangu, atakileta kwenye mfuko wa sukari.
Soma utakavyo. Jikwae. Rudia mstari.
Jogoo wa jirani akiwika, mwache, naye msomaji.
Ila ukifika mia na kumi usikimbilie kufunua.
Sema: *Mama akafungua mlango, lakini*
kisha usizime.
Tuna majibu saba, na langu la nane
sijamwambia mtu, nangoja nisikie lako.

Simu ina asilimia tisa. Nakomea hapa.
Na ule mfuko wa sukari, ukimaliza, urudishe.
Ni wa Mwantumu.